Somo la 14: Utando Mwembamba wa Polima na Uso Unaoubeba

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza jinsi rangi ya maji na rangi ya mafuta zinavyogeuka kuwa utando mgumu wa polima;
(b) kutaja sifa tano za uso unaopakwa na kueleza athari ya kila sifa kwa utando;
(c) kutumia sifa hizo kueleza kwa nini rangi hubanduka kwenye kuta za Mji Mkongwe, Unguja;
(d) kufanya hesabu za unene wa utando, mtanuko wa joto na uchomaji wa chokaa.

Somo hili linaunganisha mada za Kemia (polima, esta, misombo ya kalisi) na za Fizikia (mvutano wa uso, kapilari, mtanuko wa joto). Maswali ya namna hii humshinda mtahiniwa aliyezisoma mada hizo kila moja peke yake.

14.1 Istilahi za kukariri

*Polima* ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa vipande vidogo vingi vinavyojirudia. Kila kipande kidogo kabla ya kuunganishwa huitwa *monoma*. Mfano: ethini huungana kuwa polithini.

n CH₂=CH₂ → –(CH₂–CH₂)ₙ–

*Utando* ni tabaka jembamba linalofunika uso wa kitu. Utando wa rangi ukikauka huwa na unene wa makumi machache ya mikrometa. Mikrometa 1 ni sehemu moja ya milioni ya mita.

*Kibebeo* ni kitu kilichopakwa, yaani kile kinachoubeba utando: ukuta, ubao, bati au kioo.

*Mshikamano* ni nguvu ya mvutano kati ya molekuli za kitu kimoja.

*Mgandano* ni nguvu ya mvutano kati ya molekuli za vitu viwili tofauti vinavyogusana.

14.2 Rangi hugeukaje kuwa utando?

*Rangi ya maji* ina chembe ndogo sana za polima zinazoelea ndani ya maji, pamoja na unga unaotoa rangi. Ikishapakwa, hatua tatu hufuatana:

1. Maji huvukiza, na chembe za polima husogeleana.
2. Chembe hubanana na kupoteza umbo lake la duara.
3. Molekuli ndefu za chembe moja huingia katika chembe jirani, na chembe zote huwa utando mmoja.

Hatua ya tatu inahitaji muda. Maji yakiondoka haraka kupita kiasi, chembe hubaki zimelundikana bila kuungana, na utando huwa dhaifu.

*Rangi ya mafuta* hukauka kwa njia nyingine. Baada ya kiyeyushi (kama thina) kuvukiza, molekuli za mafuta huungana kwa msaada wa oksijeni ya hewani na kufanya mtandao mkubwa wa polima. Mtandao huo una viungo vingi vya *esta*. Kumbuka neno hili, kwani litahitajika katika sehemu ya 14.3.

14.3 Sifa tano za kibebeo

Kopo moja la rangi likipakwa kwenye kioo, kwenye kigae cha chungu na kwenye ukuta wa chokaa, litatoa nyuso tatu tofauti. Rangi ni ileile, ila kibebeo kimebadilika. Sifa zifuatazo ndizo zinazoleta tofauti hiyo.

(i) Nishati ya uso. Tone la kimiminika husambaa pale mgandano wake na kibebeo unapouzidi nguvu mshikamano wa kimiminika chenyewe. Kipimo chake ni *pembe ya mgusano*, yaani pembe iliyo kati ya kibebeo na ukingo wa tone, ikipimwa ndani ya tone. Pembe ikiwa chini ya 90°, kimiminika kinalowesha uso. Ikiwa zaidi ya 90°, hakiloweshi vizuri bali hujikusanya kuwa matone.

Kioo safi kina nishati kubwa ya uso, hivyo maji husambaa. Polithini na uso wenye mafuta vina nishati ndogo, hivyo maji hujikusanya. Utando uliopakwa kwenye uso wa namna hiyo hutoboka vitundu, kisha hurudi nyuma na kuacha visiwa visiwa.

Mfano wa nyumbani ni mlango wa nakshi wa msaji. Mti wa msaji una mafuta yake ya asili. Fundi anayejua kazi huupangusa ubao kwa thina kabla tu ya kupaka vanishi, ili kuondoa mafuta ya juu na kuongeza mgandano.

(ii) Vinyweleo. Kibebeo chenye vinyweleo hunyonya maji kwa *kapilari*. Kunyonya kidogo kuna faida, kwa kuwa polima huingia ndani na kushika kama mizizi. Kunyonya kupita kiasi kuna hasara, kwa kuwa maji huondoka kabla ya hatua ya tatu kukamilika. Utando wake huwa mkavu usiong'aa, na ukiupitisha kiganja unatoka na vumbi la rangi. Ndiyo sababu ukuta mkavu wa chokaa huloweshwa kwanza kabla ya kupakwa chokaa, au hupakwa praima kabla ya rangi.

(iii) Ukwaru. Uso uliopigwa msasa una eneo kubwa zaidi la kugusana na utando, na mashimo yake madogo huushika utando. Lakini mabonde yakiwa makubwa kuliko unene wa utando, rangi hutuama mabondeni na kuwa nyembamba mno vileleni. Nyufa huanzia hapo vileleni.

(iv) Asili ya kikemia. Ukuta mpya wa chokaa una kalisi haidroksidi, Ca(OH)₂, ambayo ni alikali yenye pH ya karibu 12. Alikali huvunja viungo vya esta:

esta + alikali → sabuni + alkoholi

Huu ndio mmenyuko uleule wa kutengeneza sabuni. Rangi ya mafuta ikipakwa kwenye chokaa mbichi, upande wake wa chini hugeuka sabuni laini inayonata, na utando huachia. Rangi za maji za akriliki huistahimili alikali zaidi.

*Zingatia:* Mmenyuko huo si hasara kila mahali. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu huchanganya chokaa na mafuta kutengeneza *deheni*, wanayoipaka sehemu ya chini ya chombo. Sabuni ya kalisi haiyeyuki katika maji, kwa hiyo humfaa baharia. Kinachoharibu rangi ukutani ndicho kinacholinda chombo baharini.

(v) Mtanuko. Kibebeo na utando vikipata joto havitanuki sawa. Polima nyingi hutanuka mara kadhaa kuliko chuma au mawe. Ubao nao huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, hasa kwa upana wake. Utando uliokwisha kuwa mgumu hauwezi kuufuata mwendo huo, hivyo hupasuka kufuata mistari ya ubao.

14.4 Uchunguzi kifani: kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mamlaka ya kusimamia hifadhi ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Nyumba nyingi za mawe zilizopo zilijengwa karne ya 19. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ndani ya ukuta.

*Asili ya chokaa.* Mawe ya matumbawe ni kalisi kaboneti kwa sehemu kubwa. Yakichomwa katika tanuri hadi karibu 900 °C:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Yakimwagiwa maji hutoa joto kali na kuwa chokaa ya kujengea:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Ikishapakwa ukutani, hunyonya kaboni dioksidi ya hewani polepole:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Angalia kwamba mwisho wa safari ni CaCO₃, yaani jiwe lilelile tuliloanzia. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe, lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka ni jamaa moja kikemia. Vyote vina vinyweleo, na vyote hupitisha mvuke wa maji.

*Njia ya maji.* Ukuta wa Unguja haukosi unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini kwa kapilari, hushuka kutoka paa linalovuja wakati wa Masika, na hewa ya bahari huleta chumvi. Maji yanapopita ndani ya ukuta huyeyusha chumvi na kuibeba hadi juu ya uso.

*Ukuta uliopakwa chokaa:* maji huvukiza kupitia vinyweleo. Chumvi hubaki juu kama unga mweupe na huondolewa kwa brashi. Kila baada ya muda ukuta hupakwa chokaa upya. Kazi hiyo hujirudia, lakini ukuta unakauka.

*Ukuta uliopakwa rangi ya plastiki tabaka juu ya tabaka, au lipu ya saruji:* mambo hufuatana hivi.

1. Mvuke hupita kwa shida, hivyo unyevu hukusanyika nyuma ya utando.
2. Jua la mchana hupasha ukuta joto, na shinikizo la mvuke huongezeka.
3. Pale mgandano ulipo dhaifu, utando huinuka na kuwa *malengelenge*.
4. Chumvi sasa haiwezi kufika juu. Hutengeneza fuwele nyuma ya utando, na fuwele zinapokua huusukuma utando na kuusaga uso wa chokaa.
5. Utando hubanduka, mara nyingi ukiwa na ganda la chokaa mgongoni.

Hatua ya tano ina fundisho ambalo watahiniwa wengi hawalioni. Iwapo mgandano wa rangi na ukuta ni mkubwa kuliko mshikamano wa chokaa yenyewe, basi kinachokatika ni chokaa. Rangi inayoshika sana juu ya kibebeo laini huja na kibebeo. Kwa hiyo "rangi bora" haimaanishi rangi yenye nguvu kuliko zote. Rangi bora ni ile inayolingana na kibebeo chake.

Hasara haiishii kwenye sura ya ukuta. Ukuta usiokauka huozesha ncha za boriti zilizozama ndani yake, na mchwa hupenda mti wenye unyevu. Nyumba inaweza kupendeza kwa nje huku nguvu yake ikipungua kwa ndani, pale ambapo jicho halifiki. Anayeishi chini ya dari hiyo ndiye atakayeathirika.

*Hatua sahihi za kurekebisha:* (1) tafuta chanzo cha maji na ukizuie. (2) ondoa utando wa plastiki na lipu ya saruji. (3) acha ukuta ukauke na uondoe chumvi kwa brashi kavu. (4) piga lipu ya chokaa. (5) paka chokaa. Ukianza na hatua ya tano, tatizo litarudi na mvua za msimu ujao.

14.5 Jaribio

*Lengo:* Kuchunguza athari ya kibebeo kwa uso wa utando wa polima.

*Vifaa:* gundi nyeupe ya maji (polima yake ni polivinili asetati), maji, kijiko, brashi ndogo, vipande viwili vya kioo, mafuta ya kupikia, kipande cha mfuko wa plastiki, kigae cha chungu kisichopakwa rangi.

*Njia:* Changanya vijiko viwili vya gundi na kijiko kimoja cha maji. Osha kioo cha kwanza kwa sabuni na ukikaushe. Paka kioo cha pili mafuta kidogo sana. Pitisha mchanganyiko kwa brashi mara moja juu ya kila kibebeo. Viache vyote kivulini hadi siku ya pili.

*Matokeo yanayotarajiwa:*

- Kioo safi: utando laini, unaopitisha mwanga, unaong'aa na kushika.
- Kioo chenye mafuta: utando wenye matundu na visiwa, unaobanduka kirahisi.
- Plastiki: kimiminika hujikusanya, utando ukikauka huvulika kama ngozi.
- Kigae: utando usiong'aa, unaofuata mikwaruzo ya kigae, na hauvuliki.

*Hitimisho:* Polima ilikuwa moja, na mahali pa kukaushia palikuwa pamoja. Tofauti za nyuso zimetokana na kibebeo.

*Tahadhari ya istilahi:* mifuko ambayo watu huiita "nailoni" kwa kawaida ni polithini. Nailoni ya kikemia ni polima nyingine. Katika mtihani andika polithini.

14.6 Mifano ya hesabu

*Mfano 1.* Lita 1 ya rangi ya maji imepakwa sawasawa kwenye ukuta wa m² 10. Asilimia 40 ya ujazo wa rangi ndiyo inayobaki baada ya kukauka. Tafuta unene wa utando mkavu.

Ujazo = cm³ 1,000; eneo = cm² 100,000
Unene wa utando mbichi = 1,000 ÷ 100,000 = cm 0.01 = mikrometa 100
Unene wa utando mkavu = 100 × 0.40 = mikrometa 40

*Mfano 2.* Bati la chuma lenye urefu wa m 3 lilipakwa rangi kukiwa na 25 °C. Mchana bati lilifika 65 °C. Kizigeu cha mtanuko wa chuma ni 12 × 10⁻⁶ kwa kila °C, na cha utando wa polima ni 70 × 10⁻⁶ kwa kila °C. Tafuta tofauti ya mtanuko kama kila kimoja kingetanuka huru.

Badiliko la joto = 65 – 25 = 40 °C
Chuma: 12 × 10⁻⁶ × 3 × 40 = m 0.00144 = mm 1.44
Polima: 70 × 10⁻⁶ × 3 × 40 = m 0.0084 = mm 8.40
Tofauti = 8.40 – 1.44 = mm 6.96

Utando umefungwa kwenye bati, hivyo hauwezi kurefuka zaidi ya bati. Hubanwa, na pale mgandano ulipo dhaifu hujikunja au kuinuka.

14.7 Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika "rangi ilibanduka kwa sababu ni mbovu". Hilo si jibu. Taja sifa ya kibebeo, kisha eleza kinachotokea.
- Kuchanganya mshikamano na mgandano. Mshikamano ni ndani ya kitu kimoja; mgandano ni kati ya vitu viwili.
- Kusema chokaa hukauka kwa kuvukiza maji tu. Ili iwe ngumu ni lazima CO₂ iingie.
- Kuita chokaa ya kupaka polima. Chokaa ni msombo usio wa kiogania.
- Kusahau kugeuza vipimo katika hesabu za unene.

14.8 Muhtasari

Uso wa utando hutokana na polima pamoja na kibebeo. Sifa za kibebeo ni tano: nishati ya uso, vinyweleo, ukwaru, asili ya kikemia na mtanuko. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji mpako unaopitisha mvuke. Ukizibwa, unyevu na chumvi hufanya kazi nyuma ya utando.

14.9 Maswali ya marudio

1. Chagua jibu sahihi. Tone la maji lina pembe ya mgusano ya 20° kwenye kibebeo A na 100° kwenye kibebeo B. Rangi ya maji itasambaa vizuri zaidi kwenye: (A) kibebeo A (B) kibebeo B (C) vyote sawa (D) hakuna. (alama 1)

2. Eleza kwa nini rangi ya mafuta haifai kupakwa kwenye lipu ya chokaa mbichi. (alama 3)

3. Tani nusu (kg 500) ya kalisi kaboneti safi ilichomwa yote. Tafuta (a) uzito wa CaO na (b) uzito wa Ca(OH)₂ utakaopatikana CaO hiyo ikimwagiwa maji ya kutosha. (Ca = 40, C = 12, O = 16, H = 1) (alama 4)

4. Mwenye nyumba Mji Mkongwe anapaka rangi ya plastiki kila mwaka kabla ya Sikukuu, na kila mwaka inatoka malengelenge baada ya Masika. Fundi anamshauri aongeze tabaka mbili zaidi. Jadili ushauri huo. (alama 6)

Majibu

1. A.

2. Lipu mbichi ina Ca(OH)₂, ambayo ni alikali (alama 1). Alikali huvunja viungo vya esta vya rangi ya mafuta (alama 1). Sabuni laini hutokea chini ya utando, mgandano hupotea na rangi hubanduka (alama 1).

3. Moli za CaCO₃ = 500,000 ÷ 100 = 5,000 (alama 1). Kila moli 1 ya CaCO₃ hutoa moli 1 ya CaO na hatimaye moli 1 ya Ca(OH)₂ (alama 1).
(a) 5,000 × 56 = g 280,000 = kg 280 (alama 1).
(b) 5,000 × 74 = g 370,000 = kg 370 (alama 1).

4. Hoja za kutoa alama: ushauri si sahihi, ukuta una vinyweleo na unyevu hupanda kwa kapilari au hutoka paani, tabaka zaidi hupunguza upitaji wa mvuke, mvuke na fuwele za chumvi huinua utando, unyevu unaobaki huozesha ncha za boriti, dawa ni kuzuia maji, kuondoa utando wa plastiki, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu na kupaka chokaa. (Kila hoja iliyoelezwa: alama 1.)